Kutangulia si Kufika

Kipo kicheko ambacho nimekisikia mara nyingi mno, nami nimekichoka. Hutoka sebuleni, hutoka katika mabanda ya kuonyeshea mpira, na mara nyingine hutoka vinywani mwa watangazaji ambao kazi yao ni kutueleza tunachokiona. Huanza pale wanapotokea kwenye televisheni wanamichezo wa matembezi ya kasi, viuno vikinesa, mikono ikipiga mbele na nyuma, magoti yamenyooka. Mmoja atasema wanatembea kama bata. Mwingine atauliza kama wamebanwa na haja. Wa tatu atasema badilisha stesheni, na stesheni itabadilishwa. Kwa kubonyeza kitufe kimoja, kazi ya miaka mingi ya mwanadamu mwenzetu imefutwa mbele ya macho yetu, nasi tumerudi kwenye mpira wetu bila kuona kwamba tumefanya neno lolote baya.

Ningependa kukijibu kicheko hicho kwa kumtaja mtu mmoja, mwanamke wa Kichina aitwaye Liu Hong. Wasomaji wengi hawajapata kulisikia jina lake, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kuliandika hapa. Nina hoja moja tu: umaarufu si mizani ya kumpimia mwanamichezo. Kicheko chetu, ambacho tunadhani ni cha bure, kina gharama yake, na wanaoilipa gharama hiyo si sisi tunaocheka.

Kwanza tuelewane mchezo wenyewe ni nini, maana wengi wanaoucheka hawaujui. Matembezi ya kasi yana sheria kubwa mbili. Ya kwanza ni kwamba wakati wote mguu mmoja lazima uwe unagusa ardhi, kwa kadiri jicho la mwanadamu linavyoweza kuona. Ya pili ni kwamba mguu unaotangulia lazima uwe umenyooka gotini tangu unapogusa ardhi mpaka mwili unapopita juu yake. Waamuzi husimama kando ya njia wakiitazama miguu hiyo, na kila mmoja hutoa hukumu yake bila kushauriana na mwenziwe. Kwa miaka mingi kadi nyekundu tatu kutoka kwa waamuzi watatu tofauti zilitosha kumtoa mtu. Siku hizi katika mashindano makubwa kadi ya tatu humsimamisha kwanza katika eneo la adhabu, na ya nne ndiyo inayomfukuza.

Sasa fikiri, msomaji. Mtu akikatazwa kukunja goti, na akikatazwa kuruka, hatua ndefu ataipata wapi? Hana pengine pa kuipata ila kiunoni. Lazima nyonga izunguke ili mguu ufike mbali, na lazima mikono ipige kwa nguvu ili kuuweka mwili sawa. Hicho kiuno tunachokicheka hakineswi kwa madaha wala kwa mbwembwe. Ni sheria inayotiiwa. Mchezaji angependa sana kukimbia, kwa kuwa mwili wake unamlilia akimbie, na kukimbia kungemwia rahisi zaidi. Lakini anajizuia hatua kwa hatua, maelfu ya mara, kwa saa nzima na zaidi. Sijui mchezo mwingine unaomdai mtu aende kwa nguvu zake zote na papo hapo ajitie lijamu mwenyewe.

Na asidhani mtu kwamba hawa wanatembea polepole. Tarehe 6 Juni 2015, katika mji wa La Coruña, Hispania, Liu Hong alitembea kilomita 20 kwa saa 1, dakika 24 na sekunde 38, akaivunja rekodi ya dunia. Gawanya mwenyewe: ni dakika 4 na sekunde 14 hivi kwa kila kilomita. Mtu angeweza kushika mwendo huo mpaka mwisho wa marathoni angeimaliza kabla ya saa tatu kutimia, na wengi wa wanaokimbia marathoni duniani, wakikunja magoti yao watakavyo, hawaifikii saa tatu. Anayemwita mwanamke huyu bata na atoke nje, ajaribu kumfuata kwa mita mia mbili. Akimfikia kwa kukimbia nitamsifu. Kwa kutembea hatamfikia.

Iko hoja moja ya wapinzani ambayo nitaiheshimu kwa kuijibu, kwa kuwa si ya mzaha. Wanasema kwamba hawa wote wanadanganya. Kwamba picha za televisheni zikipunguzwa mwendo huonyesha miguu yote miwili ikiwa hewani. Ni kweli picha huonyesha hivyo mara nyingi. Lakini sheria haikusema kamera, ilisema jicho. Watu walioiweka walijua kwamba hukumu itatolewa na binadamu aliyesimama kando ya barabara, wakaifanya iwe sheria ambayo binadamu huyo anaweza kuisimamia. Anayetaka kulaumu na ailaumu sheria, awaache waliotembea ndani yake. Tena ningependa kuwauliza hao wenye uchungu wa haki: ni mchezo gani mwingine unaomtoa kiongozi wa mbio mbele ya umati mzima, wakati amebakiza hatua chache afike?

Maana hilo limetokea, na limetokea katika historia ya Wachina hawa hawa. Wachina waliingia katika mchezo huu mapema: mwaka 1983, huko Bergen, Norway, Xu Yongjiu alishinda Kombe la Dunia la matembezi kwa wanawake. Olimpiki ilipowaruhusu wanawake kushindana katika matembezi kwa mara ya kwanza, mwaka 1992 mjini Barcelona, umbali ulikuwa kilomita 10. Aliyevuka mstari wa kwanza alikuwa Alina Ivanova. Waamuzi walikuwa wameiona miguu yake. Akaondolewa, na dhahabu ikaenda kwa Chen Yueling wa China. Ndiyo iliyokuwa dhahabu ya kwanza ya China katika riadha ya Olimpiki, na Chen akawa mwanamke wa kwanza wa Asia kuipata. Miaka minane baadaye, Sydney 2000, umbali ukiwa umeongezwa kuwa kilomita 20, Jane Saville wa Australia alikuwa anaongoza nyumbani kwao na anakaribia kuingia uwanjani ambamo umati ulikuwa unamsubiri. Akaonyeshwa kadi ya mwisho mlangoni. Kabla yake alikuwa ameshaondolewa Mchina Liu Hongyu, bingwa wa dunia wa mwaka 1999, akiwa naye yuko mbele. Aliyeshinda ni Wang Liping, ambaye umati ule haukuja kwa ajili yake. Wazee wetu walisema kutangulia si kufika. Katika michezo mingi hayo ni maneno ya kumfariji aliyeshindwa. Katika matembezi ni kanuni inayotumika.

Hii ndiyo nyumba aliyoikuta Liu Hong. Alizaliwa tarehe 12 Mei 1987 katika wilaya ya Anfu, jimbo la Jiangxi, na alipofika umri wa miaka 21 alikuwa tayari anaiwakilisha nchi yake katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Nani asiyeikumbuka michezo ile? Lakini wanaoikumbuka upande wa Wachina humkumbuka Liu mwingine, Liu Xiang, mruka viunzi, bingwa wa Athens 2004, ambaye picha zake zilitapakaa katika matangazo ya biashara nchini kwao. Tarehe 18 Agosti, Liu Xiang alijitoa kwa sababu ya maumivu mguuni, na kocha wake akalia mbele ya waandishi wa habari. China nzima ilizungumza habari ile. Siku tatu baadaye Liu Hong alitembea kilomita 20 katika mji huo huo, akamaliza wa nne, akiikosa medali ya shaba kwa sekunde 5. Simlaumu Liu Xiang. Alikuwa bingwa wa kweli na maumivu yake yalikuwa ya kweli. Naonyesha tu jinsi mizani ya umaarufu inavyopima: mmoja hakuruka hata kiunzi kimoja, akaliliwa na taifa; mwingine alitembea mpaka mwisho, na nje ya wapenzi wachache wa mchezo wake hakuna aliyemwona.

Yaliyofuata ndiyo yanayonitia hasira. Katika Mashindano ya Dunia ya mwaka 2009 mjini Berlin, Liu Hong alikuwa wa tatu. Mwaka 2011, Daegu, Korea Kusini, alikuwa wa pili. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012 alikuwa wa nne, na safari hii mwenzake Qieyang Shijie ndiye aliyechukua shaba. Mwaka 2013 mjini Moscow alikuwa wa tatu tena. Ungeyasoma matokeo hayo magazetini ungesema: huyu ni mtembeaji mzuri, lakini amekosa kile kidogo kinachomfanya mtu kuwa bingwa. Naam, kile kidogo alikikosa, ila hakikuwa mazoezi wala moyo. Wengi wa waliokuwa mbele yake walitoka katika kambi moja ya mji wa Saransk, Urusi, chini ya kocha Viktor Chegin, ambaye mwaka 2016 alifungiwa maisha kwa sababu ya dawa za kuongeza nguvu. Kati ya mwaka 2015 na 2016 Olga Kaniskina alinyang'anywa ushindi wake wa Berlin na wa Daegu, pamoja na medali yake ya London. Mwaka 2019 matokeo ya Anisya Kirdyapkina ya Moscow yalifutwa. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Elena Lashmanova, aliyekuwa wa kwanza London na Moscow.

Hesabu upya sasa. Wa tatu wa Berlin amekuwa wa pili. Wa pili wa Daegu amekuwa bingwa wa dunia. Wa nne wa London amekuwa mwenye medali ya fedha ya Olimpiki, na Qieyang Shijie, Mtibeti wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, amekuwa mwenye dhahabu. Wa tatu wa Moscow amekuwa bingwa wa dunia. Mara nne mfululizo, katika mashindano makubwa manne, mwanamke mmoja alisimama pasipo pake.

Watu husema haki imetendeka, medali zimerudi kwa wenyewe. Mimi nasema imetendeka nusu. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na haki ya mwanamichezo si kipande cha madini peke yake. Ni wimbo wa taifa lake kupigwa wakati jasho bado linamtiririka. Ni picha yake kutokea katika gazeti la asubuhi inayofuata. Ni mtoto wa shule mahali fulani kumwona na kusema nami nataka kuwa kama yule. Ni mdhamini kupiga simu wiki ile ile, si miaka kumi baadaye. Umaarufu huzaliwa kwenye mstari wa kumalizia, dakika ile, na ukipewa mtu asiyestahili hakuna mahakama inayoweza kuurudisha. Mahakama inaweza kusahihisha kitabu cha matokeo. Haiwezi kuuita tena umati uliokwisha kwenda nyumbani.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo naipenda sokoni. Michezoni sikubaliani nayo. Umaarufu wa mwanamichezo hutengenezwa na saa ya kuonyeshwa, na mahali pa kuonyeshwa, na kelele za wenye bidhaa za kuuza. Matembezi hufanyika barabarani, mara nyingi asubuhi mapema au usiku, mbali na uwanja uliojaa, na kamera huyapitia kwa dakika chache kati ya mchezo mmoja na mwingine. Kisha tunasema hayana watazamaji! Tumekificha kitu uvunguni, halafu tunakilaumu kwa kutoonekana.

Hata hivyo Liu Hong hakungoja mahakama. Mwaka 2015, baada ya ile rekodi ya La Coruña, Mashindano ya Dunia yalifanyika nyumbani kwao, Beijing. Aliingia uwanja wa Kiota cha Ndege pamoja na mwenzake Lü Xiuzhi, wakamaliza kwa muda mmoja, saa 1, dakika 27 na sekunde 45, Liu akiwa mbele kidogo. Ndiyo ilikuwa dhahabu pekee ya China katika mashindano yote yale. Wanaume wenye misuli na wakimbiaji wenye majina makubwa walipewa fursa zao. Aliyeiokoa bendera mbele ya wenyeji ni yule ambaye mchezo wake unachekwa.

Hapa sina budi kutaja jambo ambalo mpinzani atalitaja nisipolitaja mimi. Mwezi wa Mei 2016, katika mashindano ya timu mjini Rome, Liu Hong alipimwa akakutwa na kemikali iitwayo higenamini, akafungiwa mwezi mmoja, na matokeo yake ya siku ile yakafutwa. Kemikali hiyo hupatikana katika mimea kadhaa, na jina lake lilikuja kuandikwa wazi katika orodha ya vitu vilivyokatazwa mwaka 2017. Sisemi kwamba adhabu haikustahili. Sheria ni sheria, nami nimekwisha kuisifu sheria katika kurasa hizi. Lakini anayetaka kuuweka mwezi huo mmoja kwenye sahani moja na kambi iliyowatia watu dawa kwa miaka, na kocha wake akafungiwa maisha, huyo hapimi, anatafuta kisingizio. Aliadhibiwa kwa kadiri ya kosa, adhabu ikaisha, akarudi.

Akarudi akaenda Rio de Janeiro. Tarehe 19 Agosti 2016 alishinda dhahabu ya Olimpiki kwa saa 1, dakika 28 na sekunde 35, akimwacha María Guadalupe González wa Mexico kwa sekunde 2 tu. Sasa alikuwa nayo yote: rekodi ya dunia, ubingwa wa dunia na ubingwa wa Olimpiki. Na je, Mchina gani alizungumzwa sana duniani kutoka Rio? Alikuwa Fu Yuanhui, mwogeleaji aliyechukua shaba kwa kugawana nafasi na mwenziwe, ambaye uso wake wa furaha na majibu yake ya kuchekesha mbele ya kamera yalimpatia wafuasi mamilioni katika mitandao. Nilimpenda binti huyo kama walivyompenda wengine. Ila naona katika jambo hilo jinsi tulivyo: tunayo nafasi ya kumpenda anayetuchekesha kwa kutaka, na hatuna nafasi ya kumheshimu yule tunayemcheka bila yeye kutaka.

Baada ya Rio angeweza kustaafu, na hakuna ambaye angemlaumu. Alipumzika, na mwaka 2017 akazaa mtoto wa kike. Halafu, tarehe 9 Machi 2019, mjini Huangshan, alijitokeza katika kilomita 50, umbali ambao wanaume waliushindania katika Olimpiki tangu mwaka 1932, lakini ambao Olimpiki haikuwahi kuwapa wanawake. Alitembea kwa saa 3, dakika 59 na sekunde 15. Ndiye mwanamke wa kwanza mwenye rekodi ya dunia iliyotambuliwa chini ya saa nne. Miezi sita baadaye, huko Doha, katika joto lililowalazimu waandaaji kuanzisha mashindano karibu na usiku wa manane, alishinda tena ubingwa wa dunia wa kilomita 20, wenzake Qieyang Shijie na Yang Liujing wakimfuata. Mama wa mtoto mdogo, mwenye umri wa miaka 32, na taji la nne la dunia ukihesabu yale yaliyochelewa kumfikia.

Basi tazama malipo. Wakuu wa michezo walipoambiwa kwamba haifai wanaume wawe na kilomita 50 na wanawake wasiwe nayo, walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwapa wanawake kile walichokuwa nacho wanaume. Ya pili ilikuwa kuwanyang'anya wanaume, ili wote wawe sawa kwa kukosa. Wakaichagua ya pili. Kilomita 50 za mwisho katika Olimpiki zilitembewa mjini Sapporo mwezi wa Agosti 2021, na wanawake hawakuzitembea hata mara moja. Huo nauita usawa wa mtu anayewanyima watoto wote chakula kwa sababu mmoja alikuwa halishwi. Rekodi ya Liu Hong ikabaki kama nyumba nzuri iliyojengwa mwisho wa barabara ambayo serikali imeifunga. Na tangu mwaka 2026 umbali wenyewe umebadilishwa, ukafanywa nusu marathoni na marathoni, ili watazamaji waelewe kwa urahisi. Sikatai watazamaji waelewe. Nauliza tu kwa nini kila mara anayetakiwa kubadilika ni anayetembea, na anayecheka habadiliki.

Hapo ndipo ilipo gharama niliyoitaja mwanzo. Kicheko hupunguza watazamaji. Watazamaji wakipungua, televisheni hupunguza saa. Saa zikipungua, wadhamini huondoka. Wadhamini wakiondoka, wakuu hukaa mezani na kuuliza nini kifutwe. Hakuna hata mmoja katika mnyororo huo anayejiona kuwa mkosaji. Kila mmoja humwonyesha kidole aliyemtangulia, na wa kwanza kabisa ni yule aliyesema badilisha stesheni.

Mtu ataniuliza: haya ya Wachina yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Sisi ni watu tunaotembea. Watoto wetu hutembea kwenda shule, mama zetu hutembea kwenda sokoni na kisimani, vibarua hutembea asubuhi na jioni kwa kukosa nauli. Labda ndiyo sababu tunaucheka mchezo huu: tunaona kutembea ni kazi ya asiye na njia nyingine, na kukimbia ndiko kunakoleta magari na majumba. Lakini mwezi wa Agosti 2021, jijini Nairobi, kijana wa Kikenya Heristone Wanyonyi alishinda dhahabu ya mita 10,000 za matembezi katika Mashindano ya Dunia ya vijana wa chini ya miaka 20. Samuel Gathimba amekuwa bingwa wa Afrika zaidi ya mara moja, na mwaka 2018 alipata shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Emily Ngii naye akapata shaba katika michezo hiyo mwaka 2022. Ukiwauliza vijana wa mtaani kwetu watakutajia wakimbiaji kumi bila kupumua. Waulize kuhusu hawa watatu uone. Nchi inayojivunia miguu ya watu wake isiwe na miguu ya kujivunia na miguu ya kuonea haya.

Narudi kwa Liu Hong. Mwezi wa Machi 2021, mjini Huangshan, Yang Jiayu, Mchina mwenzake, aliivunja ile rekodi ya La Coruña kwa kutembea kilomita 20 kwa saa 1, dakika 23 na sekunde 49. Katika mashindano yale yale Liu Hong alikuwa wa pili kwa saa 1, dakika 24 na sekunde 27. Yaani siku aliyopoteza rekodi yake, yeye mwenyewe, akiwa na miaka 33, alitembea kwa kasi zaidi kuliko siku aliyoiweka. Miezi mitano baadaye huko Sapporo alipata shaba ya Olimpiki, akiwa nyuma ya Antonella Palmisano wa Italia na Sandra Arenas wa Colombia. Dhahabu, fedha na shaba za Olimpiki: anazo zote tatu, na ile ya fedha ilimfikia miaka kumi baada ya kuitolea jasho. Yang Jiayu naye akaenda Paris mwaka 2024 akashinda dhahabu. Njia iliyofunguliwa mwaka 1983 bado inapitika, na waipitao hawakungoja tuwapigie makofi.

Ombi langu kwako, msomaji, si kubwa. Sikuombi uupende mchezo huu, mapenzi hayalazimishwi. Nakuomba, siku watembeaji watakapotokea kwenye televisheni yako, uiache stesheni ilipo kwa dakika kumi. Tazama magoti. Tazama nyuso za waamuzi. Na mashindano yakiisha, usimtazame yule anayefunikwa bendera peke yake, bali mtazame pia yule wa nne anayejifuta jasho pembeni. Huenda ndiye mwenye medali.